UKINZANI KATIKA FALSAFA YA MARX: NENO NA MATUNDA YAKE



Katika miaka ya 1960 na 1970 yaliingia masikioni mwa watu wa pwani maneno ambayo wazee wetu hawakuyatumia kwa maana zile: tabaka, ubepari, ukabaila, unyonyaji, ukinzani. Yalisemwa redioni, yakaandikwa magazetini, yakafundishwa mashuleni. Baadhi yake yana asili katika Kiarabu tunachokisoma chuoni. Tabaka ni tabaqa, na kabaila ni katika neno qabila. Lakini maana yaliyotiwa maneno hayo haikutoka chuoni. Ilitoka Ujerumani, ikapita Urusi na China, ndipo ikafika kwetu. Na neno lililo mama wa hayo yote ni hili la ukinzani, kwani juu yake ndipo ilipojengwa falsafa nzima ya Karl Marx na wafuasi wake.

Mtu aweza kuuliza: Yatuhusu nini sisi mambo haya, na dola la Kisovieti lilikwisha vunjika tangu Desemba 1991? Tutamjibu kwamba yatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, vijana wetu wanaokwenda vyuo vikuu hukutana nayo, na mzazi asiyeyajua hana la kumwambia mwanawe illa kwamba hiyo ni kufuru. Na jawabu hilo peke yake halimtoshi kijana mwenye akili. Pili, kosa lililojificha ndani ya neno hili si la wakomunisti peke yao. Laweza kuingia katika nyumba na hata katika msikiti.

NAKIDHI NA DHIDI

Kabla ya kumtazama Marx yatupasa tujue wanavyuoni wetu walivyolipanga jambo hili. Aristotle wa Ugiriki, aliyekufa mwaka 322 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, aliweka kanuni kwamba kitu kimoja hakiwezi kuwa na sifa na kutokuwa nayo kwa wakati mmoja na kwa njia moja. Waislamu waliipokea kanuni hii na kuitengeneza vyema zaidi. Katika nchi nyingi za Kiislamu mwanafunzi wa elimu ya mantiki huanza na Isaghuji ya Athiruddin al-Abhari, mwanachuoni wa karne ya 13, au nadhamu ya Sullam ya Abdurrahman al-Akhdari wa Algeria, wa karne ya 16. Na humo hufundishwa tafauti ya mambo mawili.

La kwanza ni nakidhi. Ukisema taa hii inawaka, na mwenzio akasema taa hiyo hiyo haiwaki, basi maneno hayo mawili ni nakidhi. Hayawezi kuwa kweli yote mawili, wala hayawezi kuwa uwongo yote mawili. Moja likithibiti, la pili limebatilika. Hapana suluhu baina yao.

La pili ni dhidi, na neno hili hata katika Kiswahili chetu limo. Weupe na weusi ni dhidi. Kitambaa hakiwezi kuwa cheupe na cheusi pahala pamoja, lakini chaweza kuwa si cheupe wala si cheusi. Chaweza kuwa cha kijani. Basi katika dhidi pana nafasi ya jambo la tatu, na katika nakidhi hapana.

Kisha wanavyuoni wakatutahadharisha tusiharakishe kusema kwamba mambo mawili yamepingana. Wakaweka masharti, na mashuhuri ni manane, miongoni mwao kwamba yawe ni kitu kimoja, wakati mmoja, pahala pamoja, na nisba moja. Akisema nahodha bahari imejaa, na mvuvi akasema bahari imekupwa, usimwite mmoja wao mwongo mpaka umewauliza: saa ngapi, na wapi? Na mtoto wa kati nyumbani ni mdogo kwa kakake na mkubwa kwa nduguye mchanga, wala hapana ukinzani wowote.

Ndugu msomaji, tafadhali liweke hili akilini, kwani ndiyo mizani tutakayopimia yote yajayo.

HEGEL NA MARX

Hegel, mwanafalsafa wa Kijerumani aliyezaliwa 1770 na kufa 1831, aliandika kitabu cha mantiki kilichotoka baina ya 1812 na 1816. Humo alisema kwamba ukinzani si kosa la fikra tu, bali ndio asili ya kila mwendo na kila uhai. Kwa ufupi, aliona kwamba kila fikra ina upungufu wake, na kutokana na upungufu huo hutoka kipingamizi chake, na katika kupambana kwao hupatikana jambo la juu zaidi linalobeba sehemu ya yote mawili.

Karl Marx, aliyezaliwa 1818 katika mji wa Trier na kufa London 1883, alilichukua neno hilo na kuliondoa katika fikra akalitia katika chakula, kazi na mali. Na ili tumfanyie insafu yatupasa tujue alikuwa akitazama nini. Mwenzake, Friedrich Engels, alikuwa mtoto wa mwenye kiwanda. Baba yake alikuwa mshirika katika kiwanda cha pamba Manchester, na mwaka 1845 Engels alitoa kitabu juu ya hali za wafanyakazi wa Uingereza. Katika nchi hiyo, sheria ya mwaka 1833 ilipokuja kuwalinda watoto wa viwanda vya nguo, ulinzi wenyewe ulikuwa huu: mtoto wa miaka 9 aliruhusiwa kufanya kazi saa 9 kwa siku, na wa miaka 13 saa 12. Ikiwa huo ndio ulinzi, fikiri ilikuwaje kabla yake!

Basi Marx alisema kwamba jamii imegawanyika matabaka, na maslahi ya tabaka moja hayapatikani illa kwa kulinyima jingine. Mwenye kiwanda ataka ujira uwe mdogo na saa ziwe nyingi. Mfanyakazi ataka kinyume chake. Katika utangulizi wa kitabu chake cha 1859 alieleza kwamba nguvu za kuzalisha mali hukua mpaka zikagongana na mpango wa kumiliki mali uliozilea, na hapo huja zama za mapinduzi. Engels naye, mwaka 1878, akaeleza kwamba ukinzani wa ubepari ni huu: bidhaa hutengenezwa na mikono ya watu wengi pamoja, lakini mwenye kuimiliki ni mmoja. Ndipo huonekana ajabu ya maghala kujaa nguo na walioshona wakawa uchi.

Nani atakayekana kwamba mambo haya hutokea? Si lazima twende Manchester. Januari 1947 wafanyakazi kiasi cha 15,000 wa Mombasa, wa bandarini na reli na kazi nyinginezo, waligoma kwa karibu wiki mbili kwa sababu mishahara haikuwa ikitosha kwa kodi ya nyumba na chakula. Mwenye kusema kwamba baina ya kuli na kampuni ya meli hapakuwa na mvutano, huyo hakutembea Kilindini.

Lakini hapa ndipo panapotaka uangalifu. Je, kuli na mwajiri wake ni nakidhi au ni dhidi? Mgomo ule ulifuatiwa na baraza la usuluhishi, mishahara ikatazamwa, na ikaongezwa. Haikuwa haki yote, na kiongozi wao, Chege Kibachia, alikamatwa mwaka huo huo na kupelekwa mbali Baringo. Walakini jambo la tatu lilipatikana, na hii ni alama ya dhidi. Marx aliliona jambo hili kama nakidhi: tabaka moja halina budi kuondoka ili jingine libaki, na mwishowe matabaka yote yaondoke. Na insafu yataka tuseme kwamba yeye alizungumza juu ya kuondoka kwa matabaka, si kuuawa kwa kila mtu aliyemo ndani yake. Lakini neno likishatoka, hulichukua wengine.

MAO NA MIZANI YAKE

Aliyeliandikia neno hili kwa uwazi zaidi kuliko wote ni Mao Zedong. Agosti 1937, akiwa Yan'an, kaskazini ya China, alitoa somo lililokuja kuwa risala mashuhuri juu ya ukinzani. Alisema kwamba sababu ya kubadilika kwa kitu imo ndani yake, na mambo ya nje ni sharti tu. Akapiga mfano wa yai: joto hulifanya yai kuwa kifaranga, lakini joto hilo hilo haliwezi kulifanya jiwe kuwa kifaranga. Kisha akasema kwamba katika kila hali pana ukinzani mmoja ulio mkuu, na mwingine wote hufuata. Mwezi mmoja kabla yake, Julai 1937, Wajapani walikuwa wameivamia China. Kwa hivyo ukinzani baina ya China na Japani ukawa ndio mkuu, na ule wa wakomunisti na chama cha Kuomintang ukarudi nyuma, na maadui wa jana wakashirikiana.

Mwenye kusoma maneno haya huona yana akili ndani yake. Kisha, tarehe 27 Februari 1957, yeye akiwa ni mtawala wa nchi, Mao alitoa hotuba na kuugawa ukinzani mafungu mawili: ule wa uadui, ulio baina ya umma na maadui zake, ambao dawa yake ni nguvu, na ule usio wa uadui, ulio baina ya umma wenyewe, ambao dawa yake ni mazungumzo na nasaha. Ukitazama vyema utaona kwamba mgawanyo huu unakaribia ule wa nakidhi na dhidi. Watu wakaambiwa waseme bila ya khofu makosa ya chama. Wakasema.

Matokeo yake yalikuwa nini? Katikati ya mwaka huo huo upepo uligeuka. Hotuba ilipochapishwa, Juni 1957, ilikuwa imetiwa vipimo vipya vya kujua maneno gani yafaa na yapi hayafai. Watu takriban 550,000, wengi wao walimu, waandishi na wasomi, wakapachikwa jina la wafuasi wa mrengo wa kulia. Wakatolewa makazini, na wengi wakapelekwa mashambani na makambini. Na baada ya 1978, Mao akiwa amekwisha kufa, serikali hiyo hiyo ilikubali kwamba walio wengi katika hao walidhulumiwa, ikawafutia jina lile. Miaka zaidi ya 20 ilikuwa imepita. Nani atamrudishia mtu ujana wake?

MDAI AKIWA NDIYE KADHI

Hili si jambo la China peke yake. Sikiliza khabari ya Mirsaid Sultan-Galiev, Mtatari aliyezaliwa 1892 katika familia ya Kiislamu, akawa mwalimu, kisha akaingia chama cha Bolshevik mwaka 1917. Huyu alisema kwamba ukinzani mkuu wa dunia si ule wa mfanyakazi wa Ulaya na bepari wa Ulaya, bali ni baina ya mataifa yanayotawala na mataifa yanayotawaliwa. Na Waislamu waliotawaliwa, karibu wote, ni mataifa ya mafukara. Hatusemi kwamba alikuwa mtetezi wa dini. Alikuwa mkomunisti, na mwaka 1921 aliandika namna ya kuipinga dini baina ya Waislamu, ila alinasihi upole. Alilolifanya ni kuuliza tu: Ukinzani mkuu ni upi? Mwaka 1923 alikamatwa na kufukuzwa chamani. Alikamatwa tena 1928, na tena 1937, na Januari 1940 alipigwa risasi Moscow. Mwaka 1990 serikali ya Kisovieti ilimsafisha jina.

Na jirani zake, Wakazakhi, Waislamu wafugaji wa kuhamahama, yaliwafika makubwa zaidi. Ilisemwa kwamba baina yao pana tabaka la matajiri, walioitwa bai, ambao ni maadui wa mafukara. Mwaka 1928 mali ya hao ikanyang'anywa. Kisha wafugaji wote wakalazimishwa kukaa pahala pamoja katika mashamba ya ushirika, na wanyama na nafaka vikachukuliwa. Baina ya 1930 na 1933 watu kiasi cha 1,500,000 walikufa kwa njaa, na wengi wao ni mafukara wale wale ambao kwa jina lao kazi hiyo ilifanywa.

Tena Desemba 1936 Katiba mpya ya Kisovieti ilijengwa juu ya tamko kwamba matabaka yenye uadui yamekwisha. Mtu angetaraji kwamba sasa panga zitarudi alani. Lakini katika miaka miwili iliyofuata, 1937 na 1938, watu takriban 680,000 walihukumiwa kufa na kupigwa risasi kwa kuitwa maadui wa umma. Ukinzani ulikwisha kwa maandishi, na wakinzani wakaendelea kupatikana.

Sababu yake ni nini? Wengine husema ni ubaya wa Stalin au wa Mao. Hilo lina ukweli wake, lakini halitoshi. Katika sheria yetu mwenye kudai ndiye mwenye kuleta ushahidi, na anayekana huapa, na kadhi anayeamua hawi ni mmoja wa hao wawili. Hata Khalifa alisimama mbele ya kadhi. Lakini katika siasa ile chama kilikuwa ndicho mdai, ndicho shahidi, na ndicho kadhi. Chenyewe ndicho kilichoamua leo nani ni dhidi wa kusemeshwa na nani ni nakidhi wa kuondolewa. Na aliye dhidi asubuhi aliweza kuwa nakidhi jioni, bila ya yeye kubadilika chochote.

KWETU

Afrika Mashariki neno hili lilibishaniwa sana. Mwalimu Nyerere, katika kijitabu chake cha 1962 juu ya ujamaa, hakukubali kwamba jamii ya asili ya Kiafrika ilikuwa na matabaka. Kwake msingi ni udugu, si mapambano. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakamjibu, hasa katika jarida lao la Cheche lililotoka 1969 na 1970, ambamo Issa Shivji aliandika kwamba mapambano ya matabaka yapo Tanzania, ila ni ya kimyakimya. Mwaka huo wa 1970 jarida likapigwa marufuku.

Na Abdulrahman Babu wa Unguja, ambaye labda hapana mtu wa pwani aliyelijua neno hili kuliko yeye, na aliyekuwa waziri, alitiwa kizuizini Bara tangu 1972 mpaka 1978 baada ya kuuawa Mzee Karume, na Unguja akahukumiwa kufa naye hayupo, bila ya kupata kusimama mbele ya kadhi kujitetea. Hapa hatuhukumu nani alikuwa na haki. Tunaonyesha tu kwamba mlango wa kujitetea ukifungwa, hufungwa hata kwa aliyesaidia kuujenga.

LA KUSHIKA

Muhammad Baqir al-Sadr, mwanachuoni wa Kishia wa Najaf aliyeuawa na serikali ya Iraq Aprili 1980, aliandika kitabu Falsafatuna mwaka 1959, na humo alieleza kwamba mifano wanayoitoa wafuasi wa Marx si nakidhi hata kidogo; ni dhidi na misukumano ya nguvu mbalimbali, nao wameiita kwa jina lisilo lake. Na sisi twasema kwamba kosa hilo la jina si dogo. Ukimwita mtu dhidi yako, umebakiwa na kazi ya kumzuia, kumnasihi, kumshitaki na kupatana naye. Ukimwita nakidhi yako, umekwisha kusema kwamba kuwako kwake ni kutokuwako kwako. Na baada ya hapo lililobaki ni kumwondoa.

Uislamu haukani msukumano wa watu. Suratul Baqara, katika aya ya 251, yatufunza kwamba lau si Mwenyezi Mungu kuwazuia watu baadhi yao kwa wengine, ardhi ingeharibika. Wala haki ya fukara haikuachiwa huruma ya tajiri. Sayyidna Abubakar r.a. aliwapiga vita waliozuia zaka. Lakini Mtume s.a.w., katika hadithi aliyoipokea Imam Bukhari kutoka kwa Anas bin Malik, alituamrisha tumnusuru ndugu yetu akiwa ni mwenye kudhulumiwa, na hata akiwa ndiye mwenye kudhulumu. Masahaba wakauliza watamnusuru vipi aliye dhalimu, akawafahamisha kwamba ni kwa kumzuia na dhulma yake. Fikiri, ndugu msomaji! Dhulma ndiyo iliyo nakidhi ya uadilifu, nayo haina suluhu. Dhalimu ni mtu. Mkono wake hushikwa, na bado huitwa ndugu.

Wala tusidhani kwamba sisi tumesalimika. Katika karne ya kwanza ya Hijra walitokea Azariqa, wafuasi wa Nafi bin Azraq aliyeuawa mwaka 685, waliosema kwamba Mwislamu asiyekuwa pamoja nao si Mwislamu, na damu yake ni halali. Ibadhi na wengineo wakawakataa. Hawakusoma Marx hao! Na leo tukimwona mtu akimfanya jirani yake kuwa adui wa dini kwa ajili ya khitilafu ya maulidi au ya kuonekana kwa mwezi, basi ameshika mizani ile ile iliyoharibika.

Basi yatupasa mambo mawili, na kila moja lafaa kwa mwenzake. Tusiwaachie wafuasi wa Marx peke yao kusema juu ya dhulma ya mali. Mtumishi aliye jikoni mwako alipwe ujira wake kwa ukamilifu na kwa wakati, na zaka itoke kwa hesabu, si kwa makisio. Kwani kijana akiona msikiti umenyamaza juu ya ujira, atakwenda kwa anayesema. Na tukishasema, tusimtoe mtu yeyote katika utu wake kwa jina tulilompachika. Kabla hujamwita mwenzio adui, uliza kama walivyotufunza wanavyuoni wa mantiki: ni kitu kimoja? ni wakati mmoja? ni kwa nisba moja? Pengine yeye anasema bahari imejaa nawe wasema imekupwa, na kila mmoja amesimama pwani yake.

Wallahu aalam, wabillahi tawfiq.